Mwaka wa mwisho wa ubunifu wa vitambaa: mwongozo kamili, kuanzia sampuli ya kwanza hadi doti tatu ukutani

Wanafunzi wengi wa ubunifu wa vitambaa huingia mwaka wa mwisho na orodha ndefu: batiki kidogo, ufumaji kidogo, nakshi za sindano, mkoba wa ukili, na gauni moja la kufungia kazi. Mwezi wa saba ukifika, meza imejaa vitu lakini hakuna kimoja kinachoweza kufuliwa mara mbili kikabaki na rangi yake. Ushauri wangu ni kinyume cha orodha hiyo. Chagua muundo mmoja na mbinu mbili zinazosaidiana, toa kazi chache zilizokamilika, na ziegemee sampuli nyingi zilizoandikwa vizuri.

Mfano nitakaoutumia ni doti tatu za kanga zilizotengenezwa kwa mkono, batiki (kufunika kwa nta sehemu zisizotakiwa kushika rangi) kwa mji na pindo, skrini (kuchapa kupitia wavu) kwa jina, yaani msemo wa kanga, kazi ikifanyika Dar es Salaam. Nimechagua kanga kwa sababu ina sheria zake: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, jina linakaa chini ya mji, na vipande viwili hutoka pamoja, ndiyo doti. Ukivunja sheria mojawapo, mtahini anaona umeivunja na anaweza kukuuliza kwa nini. Kitambaa kisicho na sheria hakimpi mtu pa kukushika, na wewe hakikupi pa kusimama.

Kalenda: hesabu mvua kwanza

Mwaka wa masomo wa vyuo vingi Tanzania huanza Oktoba au Novemba na kuisha Julai. Katikati yake kuna masika, Machi hadi Mei, na hapo ndipo ratiba nyingi hufa. Kitambaa hakikauki, skrini haikauki bila feni, nyumba nzima inanuka unyevu, na umeme nao una siku zake.

Kwa hiyo panga hivi. Novemba na Desemba ni za utafiti, michoro na sampuli ndogo ndogo. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ndiyo miezi ya nta na rangi. Doti zote tatu zipakwe rangi kabla ya Machi. Masika iachie kazi za ndani: kuchapa majina, kupinda, kuandika ripoti, majaribio ya ufuaji. Juni ni ya marekebisho na picha. Msimamizi wako akikwambia Februari ni mapema mno kuanza kazi halisi, mwonyeshe kalenda ya mvua.

Weka pembeni wiki tatu ambazo hujazipangia chochote. Zitatumika tu.

Swali kabla ya mchoro

“Utamaduni wa pwani” si mada ya mradi, ni ukubwa wa bahari. Tafuta swali linaloweza kujibiwa kwa kitambaa. Kwa mfano: je, pindo la kanga linaweza kubeba hadithi inayosomeka kwa kuzunguka, badala ya kurudia ua lilelile? Au: vipande viwili vya doti, ambavyo kwa kawaida hufanana, vikitofautiana jambo moja tu, mvaaji atavifungaje?

Ukishapata swali, nenda kaone kanga zenyewe. Katika Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, au Biashara Street pale Mombasa, utaona mamia kwa siku moja. Mombasa ndipo ukoo wa Kaderdina Hajee Essak ulipoanzia biashara yake mwaka 1887, na maandishi “K.H.E. – Mali ya Abdulla” bado yanasomwa kwenye ukingo wa kanga zao. Kanga za zamani ziliandikwa jina kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kilatini zikachukua nafasi. Ukiweza, fungua makabati ya nyumbani: mama, shangazi na bibi wana kanga za miaka ambayo hakuna duka litakuonyesha, na watakwambia ni nani alimpa nani na kwa ugomvi gani. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiandike majina yao kwenye ripoti bila kuwauliza.

Nenda pia kwa mafundi wa batiki. Beba kitambaa chako mwenyewe, amkia, eleza kwamba unajifunza, na lipia muda wao. Fundi anayepika nta kila siku atakufundisha kwa saa moja kitu ambacho kitabu hakisemi: sauti ya nta ikiwa imeiva, na mkono unavyopaswa kwenda haraka.

Usinakili mchoro wa kiwanda ukadhani kubadilisha rangi kunatosha. Michoro ina wenyewe. Mambo hayo ya hakimiliki, Tanzania yako chini ya ofisi ya COSOTA, Kenya chini ya KECOBO.

Kitambaa

Nunua pamba asilimia mia. Jaribu kwa kuchoma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Muuza duka anaweza kukwambia “hii pamba tupu, mwanangu” kwa nia njema kabisa, lakini kiberiti hakina nia.

Nunua yote kwa mara moja, kutoka jora moja. Majora mawili ya jina moja yanaweza kunywa rangi tofauti, nawe utajua baada ya kuchovya.

Kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya kiwandani. Kichemshe saa moja kwenye maji yenye sabuni kidogo na magadi soda (soda ash), kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Tone la maji likidondoka juu yake linapaswa kuzama papo hapo. Likikaa juu kama shanga, rudia.

Kabla ya kuchemsha, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika. Pima tena baada ya kufua na kukausha. Ikiwa umebaki 47.5 upande mmoja, kitambaa kimesinyaa asilimia 5 upande huo. Urefu na upana mara nyingi havisinyai sawa, kwa hiyo pima vyote viwili na uandike.

Kitabu cha sampuli

Hiki ndicho kitakachokupa alama, kuliko hata doti zenyewe. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 20. Kila kimoja kipe namba kwa kalamu isiyofutika pembeni kabla hakijaguswa na chochote. Baada ya kukitia rangi, kata theluthi yake uiweke bila kuifua. Zilizobaki zitaingia kwenye majaribio.

Andika: tarehe, uzito wa kitambaa kikavu, gramu za rangi, lita za maji, chumvi, magadi, muda, hali ya hewa, na nini kilitokea. Usiandike “rangi kidogo”. Mizani ya kidijitali inayosoma nusu gramu ni ununuzi muhimu kuliko brashi nzuri. Sampuli zilizoharibika ziingie kitabuni pamoja na nyingine, na maelezo ya sababu. Mtahini anayeona safu ya nyekundu saba zilizoshindwa kabla ya ile iliyofaulu hana haja ya kukuuliza kama ulifanya utafiti.

Hesabu ya pindo na kona

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huanza kupiga muhuri kutoka kona moja na kutumaini kwamba utafika kona ya pili ukiwa mzima. Hautafika. Utabaki na nusu muhuri, na jicho la mtu litakwenda hapo moja kwa moja.

Kanga huwa na kama sentimita 150 kwa 110. Chukua vipimo hivyo, toa pindo la sentimita 15 kila upande. Mji unabaki 120 kwa 80. Sasa tafuta kipimo cha muhuri kinachogawanya 120 na 80 bila kubaki: 5, 8, 10, 20 au 40. Ukichonga muhuri wa pindo wenye upana wa sentimita 10, utapiga mara 12 upande mrefu na mara 8 upande mfupi, na kila kona itabaki mraba mtupu wa 15 kwa 15.

Mraba huo wa kona una suluhisho tatu. La kwanza ni muhuri wa pekee wa kona, unaochorwa kwa mshazari ili uangalie pande zote mbili. Hili ndilo safi zaidi. La pili ni kukutanisha pindo kwa mstari wa digrii 45, kama fremu ya picha, na linafaa michirizi lakini huua maua. La tatu ni kuacha kona ikiwa na rangi tupu au nukta kubwa, uamuzi ambao mara nyingi unapendeza kuliko tunavyodhani. Jaribu zote kwenye karatasi ya kahawia yenye ukubwa kamili. Usijaribu kwenye karatasi ndogo ya A4, kwa kuwa pindo linalopendeza kwenye A4 linaweza kuonekana jembamba sana likifungwa kiunoni.

Na lifunge kweli. Mpe mtu karatasi hiyo, au shuka ulilochorea mkaa, ajifunge. Sehemu kubwa ya mji hupotea kwenye mikunjo. Kinachoonekana ni pindo la chini na kipande cha nyuma chenye jina. Mchoro muhimu ukae huko.

Mihuri ya nta unaweza kuitengeneza kwa sponji nzito ya godoro iliyogundishwa kwenye ubao, kwa mbao ya kuchonga, au kwa vipande vya bati vilivyokunjwa na kupigiliwa kwenye kibao kwa ajili ya mistari myembamba. Sponji hunywa nta nyingi na kutoa alama nene; bati hutoa mstari mkali lakini hupoa haraka. Kumbuka muhuri hugeuza mchoro: mti unaoegemea kulia utatoka ukiegemea kushoto.

Nta

Mchanganyiko wa kuanzia ni sehemu 7 za mshumaa mweupe wa parafini kwa sehemu 3 za nta ya nyuki. Parafini huvunjika na kuleta nyufa. Nta ya nyuki hung’ang’ania kitambaa na kujikunja bila kuvunjika. Ukitaka nyufa zaidi, ongeza parafini. Joto la Dar mwezi Januari huifanya nta iwe laini na nyufa zisitokee, kwa hiyo chovya kitambaa kilichopakwa nta kwenye maji yenye barafu kabla ya kukikunja.

Yeyushia nta ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya sufuria nyingine yenye maji, kwenye jiko la umeme lisilo na moto wa wazi. Ikianza kutoa moshi, ondoa. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji hata tone. Mfuniko ukae karibu muda wote, mahali unapoufikia bila kutafuta.

Nta iliyoiva hupenya: ukigeuza kitambaa, upande wa nyuma uwe umelowa na kung’aa sawa na wa mbele. Ikibaki nyeupe juu juu, bado ni baridi, na rangi itapita chini yake.

Rangi

Mafundi wengi wa batiki nchini hutumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti. Ni rangi imara sana. Lakini kostiki huchoma ngozi, na haidrosalfaiti ikiingiwa na unyevu hujipasha joto yenyewe na inaweza kuwaka. Ukizitumia, vaa glovu ndefu, miwani na barakoa, fanyia nje, na siku zote tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki.

Kwa mwanafunzi anayefanyia kazi uani, napendelea rangi za riaktivu za maji baridi, zile zinazoshika pamba kwa msaada wa magadi soda. Zinavumilia nta kwa sababu hazihitaji moto. Tumia magadi soda ya kiwandani, unga mweupe. Yale magadi ya kupikia maharage nguvu yake hubadilika kila kifuko.

Hesabu ya doti moja iko hivi. Vipande viwili vya pamba ya uzito wa kati vina kama gramu 400 vikiwa vikavu, na upime kabla ya kupaka nta. Kwa rangi ya wastani tumia asilimia 2, yaani gramu 8. Kwa kuwa kitambaa chenye nta hakiwezi kubanwa kwenye ndoo, tumia beseni pana na maji lita 12. Chumvi gramu 50 kwa lita, jumla 600. Magadi gramu 20 kwa lita, jumla 240.

1. Koroga rangi na maji kidogo mpaka iwe uji usio na madonge, kisha mimina kwenye beseni. Vaa barakoa ukiwa unashika unga wake.
2. Yeyusha chumvi humo, ingiza kitambaa kilicholowa maji, geuza taratibu kwa dakika 30.
3. Toa kitambaa, mimina magadi yaliyoyeyushwa pembeni na kupoa, koroga, rudisha kitambaa. Dakika 60 nyingine.
4. Suuza kwa maji baridi mpaka yawe safi. Usikimbilie maji ya moto.

Vipande viwili vya doti viingie beseni moja kwa wakati mmoja. Ukivichovya siku mbili tofauti, hata kwa vipimo vilevile, havitafanana, na doti isiyofanana bila sababu inaonekana kama ajali.

Nenda kutoka rangi nyepesi kwenda nzito. Funika kwa nta kinachotakiwa kubaki cheupe, chovya manjano. Funika kinachotakiwa kubaki manjano, chovya nyekundu, upate machungwa. Funika tena, malizia na bluu nzito, ambayo juu ya machungwa itakupa kahawia iliyokolea. Rangi ya feruzi husumbua kwenye maji baridi, iongezee uvuguvugu na muda. Nyeusi inataka asilimia 6 hadi 8. Usishangae asilimia 2 ikikupa kijivu.

Nta hutolewa kwa kuchemsha kitambaa kwenye maji yenye sabuni. Itaelea juu, acha ipoe, iondoe ikiwa gamba, ikaushe na uitumie tena. Usimwage maji hayo kwenye sinki yakiwa ya moto, nta itaganda kwenye bomba na utamlipa fundi.

Kuhusu rangi za asili: zinavutia wasimamizi, na zinaweza kuwa mradi mzima. Lakini usizibandike tu ili kazi iitwe rafiki wa mazingira. Pamba inahitaji tanini kwanza, halafu shabu, ndipo ishike. Bizari ya manjano hung’aa siku ya kwanza na kufifia juani haraka. Mzingefuri nao hauwezi jua. Maganda ya vitunguu yana ustahimilivu wa kadiri. Magome ya mikoko yalitumika tangu zamani kwa rangi ya kahawia, lakini misitu ya mikoko ya Tanzania ni hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa.

Jina

Jina lichapwe mwisho, baada ya nta yote kutoka. Mabaki ya nta huzuia rangi ya kuchapia isishike, na herufi zitaanza kubanduka kwenye ufuaji wa pili.

Wavu wa skrini wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa herufi na rangi nzito za kitambaa. Paka dawa ya kunasa picha chumbani palipo na giza, ikaushe kwa feni, weka juu yake mchoro mweusi uliochapwa kwenye plastiki angavu, kisha mulika. Jua la mchana linafanya kazi hiyo, lakini muda wake hubadilika na wingu, kwa hiyo jaribu vipande vya muda tofauti kwenye skrini moja ya mazoezi. Chapa kwenye vitambaa vya kutupa kwanza mpaka mkono uzoee kuvuta kwa nguvu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikauka, piga pasi ya moto mkavu dakika 3 hadi 5 kila eneo, kitambaa kingine kikiwa katikati.

Maneno yenyewe yachaguliwe mapema, yasiwe kitu cha kutafuta usiku wa kuchapa. Jina zuri la kanga linamfikia mlengwa bila kumtaja. Wasomee watu wazima wawili watatu. Wakicheka au wakanyamaza, unalo. Wakiuliza “maana yake nini?”, rudi kuandika.

Majaribio

Vipimo vya maabara vina majina yake, kama ISO 105-C06 kwa ufuaji, ISO 105-B02 kwa mwanga na ISO 105-X12 kwa msuguano. Chuo chako kikiwa na maabara, omba nafasi mapema. Kisipokuwa nayo, fanya toleo la nyumbani na useme wazi kwenye ripoti kwamba ni la nyumbani.

Shonea kipande cheupe cha pamba kwenye sampuli, fua mara tano, uone kama cheupe kimechafuka. Sugua sampuli kwa kitambaa cheupe kikavu mara kumi, kisha kilicholowa. Funika nusu ya sampuli kwa kadi nene, iweke dirishani lenye jua wiki nne, linganisha. Ikiwa nyekundu yako inachuja, afadhali uandike “ifuliwe peke yake kwa maji baridi” kuliko kunyamaza. Mteja wa kwanza atagundua akishafua na shati la shule.

Ripoti, utetezi na ukuta

Ripoti iandike ukiwa unafanya kazi. Kitabu cha sampuli kikiwa kizima, sura ya mbinu imeshaandikika nusu yake. Mtu akikusaidia kushona au kuchapa, mtaje kwa kazi aliyofanya. Watahini hawachukii msaada, wanachukia kufichwa.

Kwenye utetezi tarajia maswali ya aina tatu: kwa nini umechagua hiki na si kile, kingetokea nini ukibadilisha kipimo fulani, na kazi hii inamfaa nani. Majibu mawili ya kwanza yako kitabuni. La tatu lijibiwe na picha za watu waliojifunga doti zako, maana kanga iliyotandazwa tu ukutani haijamaliza kusema.

Ukutani, shona mfereji wa sentimita 5 juu ya kipande cha kuning’inizwa, kwa uzi wa mkono unaofumulika baadaye, upitishe fito. Katikati ya kazi iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Ning’iniza kipande kimoja cha doti na kingine kivalishwe mtu au sanamu ya kuvalisha. Kitabu cha sampuli kiwe mezani kikiwa wazi, na watu waruhusiwe kugusa vipande vilivyofuliwa. Kibandiko kiseme jina la kazi, mwaka, malighafi, mbinu na vipimo.

Piga picha kabla ya maonyesho, kivulini mchana, karatasi nyeupe ikiwa ndani ya fremu ili rangi isahihishwe baadaye. Wageni watataka kununua siku hiyo hiyo. Pokea malipo ya awali ukitaka, lakini doti isitoke mlangoni mpaka mtahini wa nje aione na alama zitoke. Bei ikiulizwa, jumlisha kitambaa, rangi, nta na saa zako, usikadirie kwa bei ya kanga ya kiwandani. Mnunuzi anayelinganisha na ile ya Kariakoo mwelekeze Kariakoo, kwa heshima.